Nimeirudisha Saa, Baba

Baba,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba barua nayo hubisha hodi kabla ya kuingia, kwa hiyo nimebisha. Marahaba nitajiitikia mwenyewe kichwani, na kile kikohozi chako cha kuitangulia.

Juzi nimerudi kutoka Dar es Salaam. Nilikwenda Makao Makuu ya Reli, Baba. Nimeingia kwa mlango uleule ulioingia wewe ujanani, na saa yako ilikuwa kibindoni, imefungwa kwenye leso yako ileile.

Wiki yako ya mwisho ulikuwa huli wala hulali, na kila aliyeingia chumbani ulimuuliza kama ameiona saa. Sisi tulidhani ni homa inayosema. Kumbe akili zako zote zilikuwepo. Ulinishika mkono ukasema, "Minza, kitu cha Serikali hakizikwi na mtu. Irudishe Makao Makuu, na wakusainie." Nikakubali upesi ili utulie, jinsi mtu anavyomwahidi mtoto pipi. Unisamehe kwa hilo. Uliponiangalia nilijua umeniamini, na tangu siku hiyo ahadi ile imekuwa ikinikaba.

Kaka Masanja hakunisaidia hata kidogo. Bado yuko Bugarama, na bado anasema mwamba wenye dhahabu uko mbele kidogo tu. Baada ya matanga aliichukua saa bila kuaga, akaipeleka kwa broka wa dhahabu ampimie. Akarudi amenuna. Si dhahabu, ni chuma kilichong'arishwa. Nilicheka mpaka Mama akauliza kama ninaumwa. Ningekuwa nimekusikia ukicheka nami, ningecheka zaidi.

Unajua sisi wanao tulikua tukidhani Makao Makuu ni mtu? Makao Makuu wamesema mawe ya kuzunguka maua ya stesheni yapakwe chokaa, tukapaka. Makao Makuu wamesema Baba ahamie Malampaka, Mama akafunga vyombo. Makao Makuu wakasema abaki Shinyanga, Mama akafungua vyombo na siku tatu hakusema na mtu. Aliwaambia majirani kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa anakaa Dar es Salaam kwenye nyumba yenye ngazi za mbao. Wewe ulicheka, lakini hukukanusha.

Ulikwenda huko mara moja tu, kufanya mtihani wa ustesheni masta, na safari ile ya siku nne ukaisimulia maisha yako yote. Ngazi za mbao. Mashine za chapa zikilia vyumba vyote kwa pamoja. Ramani ya reli iliyojaa ukuta mzima, na jina la kituo chetu limeandikwa kwa herufi ndogo ulizozigusa kwa kidole. Halafu saa kubwa ya ukumbini. Kwenye saa ile, ulisema, ndiko ilikotoka asubuhi ya reli nzima. Kila siku simu ililia katika kila stesheni, kuanzia pwani hadi Kigoma na Mwanza, na kila stesheni masta akasawazisha saa yake. Nilikuwa nakuletea chai wakati huo makusudi. Mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika saa, na wewe umesimama wima kana kwamba wanakuona. "Shinyanga tayari," ulisema, ukageuza mshale.

Jua la kwetu huchelewa kuliko la pwani, lakini nyumba yetu iliamshwa na jua la Makao Makuu. Ulimfuata hata katekista ukamwambia kengele ya kanisa imechelewa dakika sita. Akakujibu kwamba Mungu hana ratiba ya treni, nawe ukarudi nyumbani ukiwa na hasira ya siku nzima.

Lakini lile ulilopenda kulisimulia kuliko yote lilikuwa la Nairobi. Ulipoajiriwa, reli ilikuwa ya nchi tatu, na amri zilitoka huko. Saa ile ulipewa wakati huo, ukiwa kijana wa kupeperusha bendera. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Ulisema zilipita siku mkiwa hamjui mnatumwa na nani, barua hazifiki, mihuri haina mwenyewe, mpaka zilipoanza kuja barua kutoka jengo lile la Dar es Salaam, ambalo tangu hapo likawa ndilo Makao Makuu. "Na katika siku hizo," ulimalizia kila mara, "hakuna aliyeacha zamu."

Zamu. Mtu wa reli haondoki mpaka mwenzake afike na kutia sahihi kwenye daftari. Nakumbuka mvua ile iliyosomba tuta, mwenzako akakwama njiani na wewe ukakaa stesheni siku mbili. Mimi na Mama tulikuletea ugali tukivuka maji ya magotini. Mama alikusihi uje ulale walau kidogo, kwani treni haziji na kila mtu anajua haziji. Ulimjibu kwa upole kwamba daftari halijasainiwa. Mwenzako alipofika akasaini, ulitembea nami mpaka nyumbani umefumba macho, mkono wako begani kwangu. Sikuwahi kujisikia mtu wa maana kama siku ile.

Ndiyo maana habari ya saa naielewa sasa. Siku ya kustaafu ulikabidhi taa, bendera, funguo na kofia, kila kimoja kwa sahihi. Ulipotoa saa, afisa aliyekuja kupokea akatazama fomu yake, hakuona mstari wa saa. Akakwambia kaa nayo tu, mzee. Mtu mwingine angeshukuru. Wewe ulisema kisichoandikwa hakijatolewa, ukairudisha mfukoni, na tangu siku ile hukutembea nayo tena. Uliilaza kwenye leso, ukawa unaitia ufunguo kila asubuhi kama mtu anayelisha kuku wa jirani.

Basi nikafunga duka langu la mchele hapa Buseresere, nikapanda basi mpaka Dodoma, na kutoka hapo nikapanda treni ya umeme. Baba, ungeipenda na ungeilaumu. Haitikisiki. Kila kituo nilichungulia dirishani kumtafuta mtu mwenye bendera, sikumwona. Na kwetu Shinyanga nako tuta jipya la reli limeshapita, refu kuliko nyumba yetu. Mama hukaa uani akilitazama na kusema mke mwenzake ameota umeme.

Jengo ni dogo kuliko lile nililolijenga kichwani. Lakini ngazi zipo, zimelika katikati, nami nilikanyaga palepale palipolika nikijua mguu wako umo. Saa ya ukumbini haipo. Ukutani limebaki duara jeupe na misumari miwili. Nilimuuliza mlinzi siku hizi asubuhi inatoka wapi, akadhani nimechanganyikiwa, akanielekeza kiti. Nililia pale, mbele ya duara. Sikuona haya.

Walinipeleka masjala, kwa mama mmoja wa makamo anayetunza kumbukumbu. Nilikuwa nimembebea michembe, maana hukupenda mtu aende ugenini mikono mitupu. Akaniuliza kwa jicho kali kama ile ni rushwa. Nikamwambia ni viazi vikavu. Akacheka, akavaa miwani, akaigeuza saa na kusoma alama ya mgongoni. Ndipo aliponivunja moyo. Alisema saa imetolewa Nairobi, kabla jengo lao halijawa makao makuu ya chochote kikubwa. Nchi zilipogawana, kila moja ilibaki na kilichokuwa mikononi mwake, na saa hii haikuandikwa katika daftari lao hata moja. Hawawezi kupokea kisicho chao. Niende nayo salama.

Sikuinuka. Miaka yote ile, Baba, ulikuwa unamtunzia mtu ambaye hayupo. Nikamsimulia yule mama habari ya mvua. Nikamwambia ulivyokaa siku mbili ukilinda treni zisizokuja, na ulivyolala wiki nzima bila kufumba macho ukiuliza saa iko wapi. Nikamwambia baba yangu bado yuko stesheni, mwenzake hajafika.

Alivuta daftari la makabidhiano. Akapiga mstari kwa rula. Akaandika jina lako lote, na cheo chako, na kituo chako. Akaiweka saa sikioni, akasikiliza, akaandika: saa ya mfukoni, moja, inatembea. Akatia sahihi ya kupokea na akagonga muhuri. Nikashukuru kwa Kisukuma bila kujua, wabeja, wabeja, na nikasimama kuondoka. Akaniambia nikae. Akapiga mstari wa pili chini ya ule wako, akaandika jina langu, akanigeuzia daftari pamoja na saa.

"Baba yako ameshakabidhi," alisema. "Sasa saini wewe. Uko zamu."

Sahihi yangu ilipinda. Ungenirudisha niiandike upya.

Saa iko nami dukani, juu ya mizani. Naitia ufunguo kila asubuhi kabla sijafungua mlango, na wateja wameshazoea kuniuliza saa ngapi. Nakuahidi haitauzwa, hata Masanja akija na broka wa pili. Na siku yangu ikifika sitazikwa nayo. Mwanangu ataipokea kwa sahihi, na nimeshamwonyesha inavyoshikwa.

Kwaheri, Baba. Mwenzako amefika, na daftari limesainiwa. Nenda nyumbani ukalale.

Binti yako,
Minza