Nusu Tenga

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo! Ndoa tamu jamani, mama! Mume wangu hataki niinue hata ndoo ya maji. "Malkia habebi," ananitania, nami nacheka kama mjinga.

Jana alipita shangazi. Anasema siku hizi unapeleka sokoni nusu tenga la nyanya, maana ndilo unaloweza kujitwika peke yako. Tangu baba afariki, aliyekutwika kila alfajiri ni mimi. Siku ya harusi nilikuuliza nani atakutwika, ukacheka: "Nenda zako, bibi harusi, mtaa una watu." Kwa furaha niliyokuwa nayo, nikaamini.

Leo mume wangu aliponipokea ndoo, nililia. Maskini, akadhani amenikosea.

Nina raha, mama, ila nusu tenga lako linanielemea.

Mwanao, mwenye mikono mitupu.