Upinde wa Mkarafuu

Mwanakheri, karatasi hii ichane ukishaisoma.

Mume wangu Msabah hana kifua! Si unaujua ule upinde wa fidla aliouchonga kwa tawi la mkarafuu? Leo harusini mtaa wa Malindi watu wameusifu, naye akainuka: "Mkarafuu huu! Nimechonga mwenyewe!"

Nani kamuuliza? Wallahi, nani kamuuliza?

Na mbele yake kaketi bwana wa serikali anayesimamia mikarafuu. Mkarafuu haukatwi, hata mtoto anajua. Bwana akasema taratibu, "Hebu piga tena." Msabah akapiga, anachekelea!

Kisha akaulizwa, "Na tawi kakupa nani?"

Shoga, hakumeza hata mate. Kamtaja mumeo, na jina la babake, na mlango wenu.

Wakimaliza biriani wanakuja huko. Ficheni shoka.