Chai Niliyowamiminia Wapelelezi

Minneapolis, Jumapili

Kaka yangu Libaan,

Salamu za amani zikufikie huko gerezani. Theluji imeanza kuyeyuka, na mwanangu Sahra ameota jino. Anamng'ata bibi yake kisha anacheka.

Wale watu wawili walipobisha hodi nyumbani, niliwapokea kama wageni. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa chai, nami nikawamiminia. Mmoja akasema, "Dada, chai tamu hii! Libaan yuko wapi?" Nikajibu kwa fahari, "Amekata tiketi ya Uturuki, anakwenda kusoma dini." Sikujua kama ni wapelelezi. Wala sikujua kama unapitia huko kuwafuata wenye bunduki vitani.

Ukakamatwa uwanja wa ndege. Mama aliniambia, "Umemuuza ndugu yako kwa kikombe cha chai, mdomo kama birika!" Tangu hapo hanisemeshi.

Najuta, kaka, kila nikiinjika chai. Lakini rafiki zako waliotangulia wamezikwa huko vitani, na wewe uko hai. Hilo nashindwa kulijutia.

Jumamosi tunakuja. Kama hutaki kuniona, toka umwone Sahra tu. Mimi nitageukia ukutani.

Dada yako anayekungoja,
Hodan