Ya Mbio au ya Safari

Magog, 4 Mei

Dada Fleurette mpendwa,

Kwanza nakujulia hali. Kifua kimetulia? Na baridi ya huko Matane imewaachia, au bado mnawasha moto mpaka mchana? Huku theluji imeyeyuka, barabara ni kavu, nasi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mzee wangu Rosaire anakusalimu sana, anasema pai yako ya nyama bado anaiota.

Kwenye simu uliponiuliza habari zake nilikujibu kwa mkato, maana alikuwa amekaa karibu. Tangu kile kiharusi, mguu wake wa kushoto haujarudi sawa. Pikipiki yake kubwa aliiuza kabla ya theluji, kwa kuwa akisimama kwenye taa za barabarani hakuweza kuizuia isilale. Majira yote ya baridi alishinda dirishani, na unamjua Rosaire, si mtu wa dirishani.

Basi theluji ilipoanza kuyeyuka akaniambia kuna pikipiki za magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, ambazo hazilali hata ukisimama. Tukaenda dukani. Muuzaji, binti mcheshi aitwaye Noémie, akatuonyesha mbili. Moja ilikuwa nyekundu, ya mbio, nyepesi na ya chini, ina kiti kimoja tu. Nyingine ya bluu, ya safari, pana, ina masanduku ya mizigo na kiti cha nyuma chenye egemeo kama kochi. Rosaire hakuitupia jicho ile ya bluu. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyekundu.

Noémie akamtania, "Na mama atakaa wapi, baba, juu ya tairi?"

Rosaire akajibu kwamba mama atabaki na maua yake. Nilicheka kwa kuwa tulikuwa mbele ya watu, lakini neno lile lilinichoma. Nikajiuliza kama miaka yote niliyokaa nyuma yake nilikuwa mzigo.

Jioni, tukiwa mezani na supu ya njegere, nikamuuliza. Alikoroga supu mpaka ikapoa.

"Marielle, mkono nao umeanza kufa ganzi," akasema. "Kikombe kinaniponyoka bila mimi kujua. Nikianguka peke yangu, basi, nimeanguka. Nikikuangusha wewe, nitaishije?"

Nikamwambia asubiri kidogo kabla ya kununua. Zaidi ya hapo sikusema.

Sasa dada, nikufungulie moyo. Zile Jumamosi ulizopiga simu ukaambiwa nipo kwenye kwaya, sikuwa kwenye kwaya. Nilikuwa najifunza kuendesha pikipiki ya magurudumu matatu, mimi na uzee wangu, katikati ya vijana. Siku ya kwanza niligonga koni zote za mazoezi, mwalimu akaniambia taratibu, mama, hazijakukosea. Alhamisi iliyopita nilifaulu mtihani.

Nilipomwambia Rosaire niliogopa nimemvunjia heshima. Kisha akaniuliza kona naziingiaje. Nikamweleza. Akasema nachelewa kupunguza mwendo, naye hajawahi kuniona nikiendesha.

Jana tuliichukua ile ya bluu. Niliendesha mimi, yeye nyuma kwenye egemeo, akinifokea njia nzima: punguza, songa kulia, yule asikupite. Tulipofika nyumbani nikazima injini, nikashuka ili nimsaidie. Hakunipa mkono. Alibaki pale pale kitini, kofia kichwani, akasema, "Siku bado mbichi. Twende mpaka ziwani."

Tunakuja kwako sikukuu ya Mtakatifu Yohana mwezi ujao, Mungu akijalia. Mwandalie Rosaire kiti kirefu, vile vifupi vinamsumbua kuinuka. Wasalimie wanao, na majirani wanaonikumbuka. Jitunze kifua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Marielle