Volti ya Kupimia Pumzi za Mama

Jumatatu, 3 Machi 1997
Maharagwe yameiva na kerneli ya Linux, moyo wa mfumo wa kompyuta, bado inajijenga. Hii kompyuta yangu ya 486 imezeeka. Lakini kadi niliyoiunganisha kwa mkono sasa inatambulika. Inachukua sauti kutoka kwa redio-kaseti na kuigeuza namba. Draiva, programu ya kuiongoza kadi niliyoiandika mwenyewe, ndiyo inayoiambia ipime kwa volti gani.

Kanda ni ya Mama, ya mwisho aliyotutumia kwa basi kutoka Bungoma. Kwetu hatukuandikiana barua, tulirekodiana. Humo anamsalimu kila mtu kwa jina, kisha anangoja, kana kwamba tutamjibu. Agosti iliyopita tukamzika. Sasa kanda imevutika, sauti yake inazidi kuwa nzito. Ikikatika, basi. Nina hamu naye.

Jumatano, 5 Machi
Imerekodi! Njeri wa mlango wa pili akaja kuuliza nimeshinda bahati nasibu gani. Nikamwita Baba. Tangu mazishi amekataa kuisikia kanda ile. Leo alikaa, akasikiliza ameinamisha kichwa, akainuka.

"Huyu hapumui," akasema. Akaenda kulala bila kula.

Nimekasirika. Sina haki, lakini nimekasirika.

Alhamisi, 6 Machi
Baba amesema kweli. Kwenye kanda, Mama akingoja jibu, anasikika akivuta pumzi, kiti kinalia, kuku wako nje. Kwenye kompyuta hapo pana sifuri tupu. Ni ile volti ya marejeo, ambayo kadi inalinganishia kila sauti. Inatumia volti tano, na sauti ya Mama haifiki hata moja. Ni kupima chumvi kwa mizani ya magunia. Vitu vidogo vyote vinapotea.

Lakini kwenye draiva niliandika moja. Naiona hapa. Moja.

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbaya. Nimeicheza kanda mno nikijaribu hiki na kile, na leo redio imeila. Nimeizungusha kwa kalamu, nikainyoosha kwa kidole. Kuna mkunjo karibu na salamu za Baba. Nimelia. Njeri ameleta ugali. "Neki, si uwachane na hiyo mashine ukule." Sikuweza.

Naona itachezeka mara moja tu. Siigusi tena mpaka nijue kosa liko wapi. Baba hajaambiwa.

Jumapili, 9 Machi
Baba ameenda kanisani peke yake. Hakuniuliza.

Nimelipata. Draiva inaandika volti moja, halafu mstari unaofuata unaiamsha upya chipu ya kadi. Chipu ikiamshwa upya inasahau yote na kurudi kwenye tano. Kumbe nilikuwa naiambia, kisha naisahaulisha mwenyewe. Ujinga mtupu. Nimebadilisha nafasi za mistari hiyo miwili, nikaijenga kerneli upya, nikaweka mita kwenye mguu wa chipu. Volti moja.

Kisha nikaweka kanda. Ilipofika kwenye mkunjo Mama aliyumba kidogo, akaendelea. Upande ulipokwisha, nikasikia redio ikiila tena. Safari hii imekatika.

Sijasikiliza kilichoingia kwenye kompyuta. Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua ya jioni. Mtaa wetu wote wa Kaloleni umenyamaza. Nilimwambia Baba kwamba kanda imekatika. Aliitika tu, akavuta stuli mpaka karibu na spika.

Nikaicheza rekodi ya kompyuta. Mama akasalimu kwa lugha yetu, "Mulembe, Baba Nekesa." Akangoja. Akavuta pumzi, polepole, na nyuma yake kuku mmoja akalia.

Baba akavua kofia.

"Mulembe," akamjibu.

Mama akaendelea, kana kwamba amesikia. "Mulembe, Nekesa." Akangoja tena. Nikatazama sakafu.

"Mjibu mama yako," akasema Baba.