Kumbukumbu Yangu Kabla ya Mionzi

Kashan,
7 Aban

Mpendwa mdogo wangu Mahrokh,

Salamu nyingi zikufikie huko Hamburg. Hujambo? Mgongo wa mumeo Detlef umepoa? Sisi huku tunaendelea. Makomamanga yanapasuka yenyewe mtini kwa kukosa mchumaji, maana mimi nimekatazwa kupanda ngazi.

Sababu ya kukatazwa unaijua. Nimeambiwa uliijua kabla yangu. Hilo nitalirudia.

Wiki iliyopita kaka Bahman alinipeleka Tehran, eti nikatazamwe kipandauso. Kufika chumba cha mashine, daktari mmoja wa kike, Taraneh, akaniuliza, "Bi Effat, wamekueleza kwa nini tunapima kumbukumbu kabla ya mionzi?"

"Mionzi ya nini tena?"

Kaka akakohoa kama aliyepaliwa na chai. "Ile... ya kipandauso."

"Kaka, tangu lini kipandauso kikapigwa mionzi? Sikusoma, lakini mbuzi si mimi!"

Daktari akamtoa nje, akavuta kiti, akanieleza yote. Nina uvimbe wa saratani kichwani, upande wa kushoto, jirani na mahali panapotunza kumbukumbu. Mionzi huua uvimbe, lakini huweza kuunguza na jirani. Kwa hiyo kwanza wanaupiga picha ubongo ukiwa unakumbuka, wajue ni upande upi unaobeba mzigo, kisha waipange mionzi iukwepe kadiri inavyowezekana.

Kazi yangu unaijua. Nilianza kibarua kwenye vitanda vya kufumia mazulia vya watu, leo karakana ni yangu, na ramani za mazulia zimo kichwani. Mimi naimba rangi na mafundo, wafumaji wanaitikia na kufunga. Nikisahau, pale patanyamaza. Nikamwambia daktari apige picha yake.

Nilitakiwa nilale ndani ya mashine, nifumbe macho, nitembee kwa mawazo kutoka mlangoni kwa mama hadi sokoni, nikitazama kila kona. Lakini nilikuwa nimefura kwa hasira. Nikasema moyoni, wananiona nimechakaa hawa, ngoja niwaonyeshe. Nikaimba kimoyomoyo pindo zima la zulia lenye mchoro wa bustani: nyekundu mbili, buluu moja, ruka tatu. Sikukosea hata fundo.

Daktari akaitazama picha, akakunja uso. "Bi Effat, ulitembea kweli?"

"Sikutembea. Nilikuwa kazini."

Alicheka hadi akavua miwani. Kumbe wimbo ule kwangu umeshakuwa kama kupumua. Uliamsha sehemu za maneno na hesabu, pale alipopatafuta pakabaki giza. Angeiamini picha ile, angepanga mionzi kwa kiburi changu.

Akataka turudie kesho yake. Kaka akaja juu. "Tunapoteza muda! Effat, mambo haya tuachie sisi."

"Nyinyi akina nani? Kichwa hiki tunakichangia?"

Akageuka, akatoka nje. Ananipenda, najua, lakini anapenda kama mtu afungaye duka, kila kitu chini ya kufuli lake.

Kesho yake nilitembea. Nikapita kwa mwoka mikate, nikapita ukuta uliomwangukia punda wa Bwana Heshmat, nawe ulikuwa umenishika kanzu, pua inakuchuruzika. Safari hii picha ikasema wazi: upande wa kushoto umechoka, wa kulia ndio unaokumbuka. Huo ndio watakaoukinga.

Nikamuuliza daktari, kati ya kumi walio kama mimi, wangapi husahau? Akasema hesabu ya kumi anayo, ya Effat hana. Nimeipenda kauli hiyo kuliko faraja zenu zote. Fomu ya mionzi nikaitia sahihi mwenyewe, kaka akishuhudia. Wafumaji wawili nimeshaanza kuwafundisha ramani ya bustani. Wanakosea, nawakaripia, tunaanza upya.

Sasa wewe. Ulinipigia simu ukaniuliza habari za mapishi, ukanichekesha, na moyoni unajua. Uliniumiza, Mahrokh. Ningekuwa na nafasi ya kuogopa mapema, ningeshamaliza, nikaendelea na kazi.

Nisalimie Detlef na mwanao Nilufar. Shangazi Turan anakusalimu, na kaka pia, ingawa hatutazamani vizuri. Mungu akulinde ugenini, nami anivushe.

Mionzi naanza Jumamosi. Baada ya hapo, nikikuuliza jambo lile lile mara mbili, nijibu mara mbili. Kunificha, hata mara moja, usinifiche.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu,
Effat