Mgeni Niliyemsimamisha Sebuleni

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.

Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu, nyingi kuliko nguo zilizoko kambani leo. U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua na hiyo baridi ya huko? Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto limekuwa kama mkwe mkorofi, haliendi mpaka libembelezwe. Shemeji yako amenenepa. Anadai shati ndilo limesinyaa kwa kufuliwa.

Nianze na la furaha, maana nikianza na lile jingine hili sitalifikia. Mwanangu amekuwa muuguzi mkuu wa wodi! Wodi nzima, mdogo wangu, na madaktari wanamwita Sista kwa adabu. Unakumbuka alivyozaliwa ametanguliza miguu? Nilisema siku ile ile, huyu anakuja kusimama. Watu wakanicheka. Wako wapi sasa?

Basi nikamfanyia karamu. Viti tukaazima kwa majirani, mapazia nikashona mapya, na vile vikombe vya maua vikatoka kabatini. Hata mganga mkuu wa hospitali alikuja, akakaa kwenye kochi langu, akala, akaongeza.

Sasa hilo jingine. Nilikuandikia habari za Mama Pacha, yule aliyekimbia vita upande wa pili wa mpaka na binti yake mdogo. Serikali ilikuwa imetoa amri: mkimbizi akipata mwenyeji wa kumdhamini, akae mjini, akikosa, aende kambini. Nikamdhamini, nikampa chumba cha uani. Hakuna aliyenisukuma. Lakini nilimtangaza, Mungu anisamehe, kama mtu aliyenunua jokofu. Dukani, bombani, kila nikisimama ni "mgeni wangu" na "mgeni wangu". Namalizia na mgeni njoo mwenyeji apone, watu wanatikisa vichwa, mama huyu ana moyo!

Mwenyewe hakuwa msemaji. Kwao alikuwa msusi, na alinisuka mimi nikaonekana mdogo kuliko wewe, usinune. Siku moja tunachambua mchele jikoni, akaniambia la yule pacha wa pili. Alifia njiani kwa homa, akamzika kwa mikono yake kando ya barabara wakati huyu mwingine amelala mgongoni kwa jirani. Binti anajua mwenzake amebaki kwa bibi yao. "Nitamwambia akikua kidogo, dada. Naomba likae hapa hapa kwenye sinia." Nikaapa.

Turudi kwenye karamu. Watu wameshiba, hotuba zimeisha, mimi bado nina hamu. Nilitaka mganga mkuu ajue muuguzi wake ametoka nyumba ya namna gani. Nikaita, "Mama Pacha! Hebu simama uwasimulie wageni ulivyokimbia."

Alikuwa anakusanya vikombe. Akanitazama. Mdogo wangu, yule angekataa kwa mdomo gani? Paa lililokuwa juu ya kichwa chake lilisimama kwa neno langu. Amri ya serikali ilikuwa imeuweka ulimi wake mkononi mwangu, na mimi sikuliona hilo. Nilichoona ni kochi limejaa wageni.

Akaweka sinia chini. Akasema, "Tulikuwa na nyumba. Tukasikia mizinga, tukaondoka. Namshukuru dada huyu." Akainama kuchukua sinia yake.

Watu wakabaki wanasubiri. Nikaona jambo langu linapoa, nikamsaidia. Ndivyo nilivyojiambia, namsaidia. "Waambie na la yule mtoto uliyemzika njiani, jamani, watu wajue!"

Binti alikuwa mlangoni na soda yake. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza maji yako wapi, "Mama, mtoto gani?"

Mganga mkuu akawa anatazama viatu vyake. Mama Pacha alimbeba mtoto akatoka naye uani, na vikombe vikabaki pale pale. Mwanangu akanivuta jikoni. Nilidhani atapiga kelele. Akasema polepole, "Mama, mtu si sahani ya kupitisha mezani."

Nikamwambia nilitaka kumpa heshima mbele ya mkubwa wake.

"Yangu nilikuwa nayo, Mama."

Asubuhi nikakuta chumba kimefagiwa na shuka zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozitoa. Nilimwomba, nikalia, nikashika hata mzigo wake. Akanishukuru kwa yote. "Ahsante, mama." Zamani aliniita dada. Akaenda zake kambini, Kitindamimba, kule kule ambako amri ilikuwa ikimtishia, akaenda kwa miguu yake ili mradi asilale kwangu.

Jana nimemfuata. Njia nzima napanga maneno, unanijua, nilikuwa na hotuba. Nilipomwona mbele ya hema lake yote yakanitoka. Binti alikuwa amekaa nyuma yake. Nikamsalimia, akaitikia, akarudi kuchora chini kwa kijiti. Mama Pacha akageuza ndoo, akaifuta kwa khanga, akanikalisha. Yeye akakaa chini. Akanipa chai katika kikombe chake, na kilikuwa kimoja.

Wanawake wa mahema ya jirani wakasogea. Mmoja, mcheshi kweli, akauliza, "Msusi, huyu mama wa mjini aliyenona ni nani? Umemtoa wapi?"

Nilijua zamu yangu imefika. Alikuwa na maneno ya kunivua nguo mbele ya kambi nzima, na yote ya kweli.

Akasema, "Ni mgeni wangu. Amechoka na njia, mwacheni anywe chai."

Basi. Nikanywa ile chai, nikamrudishia kikombe chake. Nilipomwomba arudi, akasema hapana, bila hasira. "Huku kila mtu analo lake, mama. Hakuna anayeombwa kusimulia."

Na wewe mdogo wangu. Uliniandikia mwaka juzi kwamba tajiri unayemtunzia wazazi wake huwa anakuita sebuleni wageni wakija, uwaeleze shida za kwetu, nao wanasikitika huku wanatafuna. Nilikujibu nini? Nilikujibu, shukuru, unajulikana na wakubwa. Tena barua yenyewe niliwasomea majirani. Zako zote huwa nawasomea, hukujua. Leo nimeifungua tena ile, nikaisoma peke yangu. Nisamehe. Kuanzia sasa zitakuwa zinasomwa hivyo.

Chumba cha uani sijampa mtu. Jumamosi narudi kambini, sipeleki hotuba. Nitakwenda kusukwa, kama atanikubali, na nitakaa kwenye ndoo nimefunga mdomo.

Nisalimie mumeo, watoto, na yule jirani yako anayekupa mboga. Shemeji yako na Sista wanakusalimu sana. Mungu akutangulie kila sebule utakayoitwa, na akupe mtu wa kusema umechoka, uachwe unywe chai.

Ni mimi akupendaye, mwenye mdomo,

Dada yako Mkubwa